Mtoto wa Kumi

"Dada, hii haina kemikali?"

Dukani kwetu hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo. Naulizwa kuhusu losheni, sabuni ya kuogea mtoto, dawa ya kikohozi, hata maji ya chumvi ya kusafishia kidonda. Mara nyingi anayeuliza ni mama mwenye mtoto mgongoni, na anauliza kwa sauti ya chini. Mimi ni mfamasia. Nimezaliwa Tanga na kazi yangu iko Tanga, na swali hilo naliheshimu kwa sababu limetoka kwenye mapenzi. Mama anataka kujua kama kitu anachokwenda kumpaka au kumnywesha mwanawe kitamdhuru. Lakini jibu la "ndiyo" au "hapana" halimfikishi popote, na kila mwaka naona watu wema wakiumizwa na majibu mafupi ya namna hiyo.

Wanachokiogopa wengi kwa jina la kemikali ni vihifadhi: vitu vinavyotiwa kwa kiasi kidogo katika dawa, vipodozi na vyakula ili bakteria na kuvu visiote humo. Kinachovipa nafasi vijidudu hivyo ni maji. Palipo na maji na chochote cha kula, hata sukari kidogo ya dawa ya kikohozi, vitazaana. Na kila unapotumbukiza kidole kwenye kopo la krimu, au ncha ya kichupa cha dawa ya macho ikagusa kope, umeviingiza vingine. Mwenye kiwanda hawezi kukufuata hadi chumbani kwako kukuzuia. Anachoweza ni kuacha kitu ndani ya kopo kitakachoendelea kulinda baada ya yeye kuondoka.

Umuhimu wa kitu hicho nilifundishwa na kisa kimoja nilichokisoma chuoni, na hadi leo sijaweza kukisoma kwa moyo mtulivu.

Januari 1928, katika mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland nchini Australia, daktari wa mji aliyeitwa Ewing Thomson alikuwa akiwachanja watoto dhidi ya dondakoo. Ugonjwa huo enzi hizo uliziba watoto koo mpaka wakakata roho, na wazazi waliwaleta watoto wao wenyewe. Chanjo ilikuwa katika chupa moja yenye kifuniko cha mpira, ya kutumiwa mara nyingi: sindano inatoboa mpira, dozi inavutwa, chupa inarudishwa kabatini kungoja siku nyingine. Januari kule ni kiangazi, na chupa haikuwekwa kwenye baridi. Watoto wa mwanzo walichanjwa kutoka chupa hiyohiyo wakarudi nyumbani kucheza. Tarehe 27 Januari walichanjwa wengine 21. Saa chache baadaye wengi wao wakaanza kutapika, homa ikapanda, degedege likawashika. Kumi na wawili walikufa, karibu wote ndani ya siku moja. Kuna familia iliyozika wavulana watatu.

Serikali ya Australia iliunda tume ya uchunguzi chini ya mwanasayansi Charles Kellaway. Maabarani alikuwamo Macfarlane Burnet, ambaye mwaka 1960 angekuja kupewa Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine. Walichokikuta kilikuwa bakteria wa kawaida kabisa, stafilokokasi, anayekaa puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya zao. Aliingia katika chupa ile, akakuta majimaji, joto na muda, na ndani yake hapakuwa na kitu chochote cha kumzuia. Tume ikatoa pendekezo lililokuja kubadilisha utengenezaji wa chanjo duniani: chanjo ya chupa ya kutumiwa mara nyingi isitolewe bila kutiwa kiasi cha dawa kinachotosha kuzuia vijidudu kuota.

Ninapokitafakari kisa hicho, narudi daima kwa wale watoto wa mwanzo. Chupa ilikuwa ileile na daktari alikuwa yuleyule, na wao walipona. Lau mtu angeulizwa baada ya siku ya kwanza, angeapa kwamba chanjo ni safi, na angekuwa mkweli. Kukosekana kwa ulinzi hakumwumizi anayekuja kwanza. Anayelipa ni aliye nyuma, aliyefika chupa ikiwa imeshatobolewa mara nyingi.

Katika kliniki zetu za mama na mtoto, chanjo kadhaa huja katika chupa za dozi kumi. Kwa hiyo kila nikishika chupa ya namna hiyo namfikiria mtoto wa kumi. Mara nyingi ni mtoto wa mama anayekaa mbali, aliyechelewa kwa sababu alitembea, au aliyekuja wiki nyingine kabisa kwa sababu siku ya kliniki alikuwa shambani. Chanjo kama ile ya pepopunda, ikiwa imetiwa kihifadhi na imetunzwa kwenye baridi inavyotakiwa, inaruhusiwa na Shirika la Afya Duniani kutumika hadi siku 28 tangu kufunguliwa. Siku hizo 28 ni za yule mama wa mbali. Ni kwa ajili yake mtu fulani, katika nchi asiyoijua, alipima sehemu za milioni za gramu ya kitu kinachoitwa thiomesali na kuitia chupani.

Thiomesali ina zebaki ndani yake, na zebaki ni sumu. Hilo sitalipunguza ukali. Mwaka 1999 mamlaka za afya za Marekani ziliomba iondolewe kwenye chanjo za watoto wachanga, kwa tahadhari, na hofu ikasambaa duniani kwamba inaleta usonji. Wanasayansi hawakuidharau hofu hiyo. Nchini Denmark, ambako thiomesali iliondolewa tangu 1992, walifuatilia zaidi ya watoto 460,000, waliochanjwa kwa chanjo yenye thiomesali na waliochanjwa kwa isiyo nayo, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2003 hapakuwa na tofauti ya usonji. Zebaki iliyomo kwenye thiomesali ni ya aina inayotoka mwilini haraka kuliko ile ya kwenye samaki wakubwa wa baharini. Na mataifa yalipokubaliana mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki duniani, mwaka 2013, chanjo zenye thiomesali ziliachwa nje ya marufuku. Waliofanya hivyo walikuwa wakijua wazi ni watoto wa nchi gani wangebaki bila chanjo. Nchi tajiri inaweza kununua chupa ya dozi moja moja, ikajaza friji zake na kutupa plastiki yake. Kwetu chupa ya dozi kumi ndiyo inayofika kijijini.

Hata hivyo si kila chanjo inaweza kulindwa hivyo. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na dawa inayoua vijidudu vya uchafu ingeiua na chanjo yenyewe. Kwa hiyo haina kihifadhi. Inakuja kama unga, inachanganywa na maji yake, na kuanzia hapo saa inahesabu: baada ya saa sita, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, iliyobaki inamwagwa. Nimewahi kusimama karibu na muuguzi akiimwaga, na mama mmoja aliyekuwa anaingia mlangoni akasema, "Si ungemchanja wangu kwanza?" Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba muda umepita, arudi kesho mapema. Mama aliondoka amekasirika. Bila shaka alimwona muuguzi ni mtu asiye na huruma.

Lakini masharti yale yakivunjwa, hutokea haya: Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 wenye umri chini ya miaka mitano walikufa katika kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi wa serikali, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ulionyesha kwamba bomba moja la sindano lilitumika kwa siku zote nne za kampeni, kuichanganya chanjo, kwamba chanjo haikukaa kwenye baridi, na kwamba miongoni mwa waliochanja walikuwamo watoto wa miaka kumi na mbili. Wengine 32 waliugua wakapona. Tangu Bundaberg ilikuwa imepita miaka 89, na vijidudu vilifanya kazi ileile.

Kutokana na Kapoeta nimejifunza kitu ninachokitumia nje ya duka. Kitu kilicho hai hakivumilii kutiwa sumu ya kukilinda. Kinalindwa na usafi wa mikono ya wanaokishika, kwa kuzingatia muda, na kwa moyo wa kumwaga kilichoharibika hata kama ni hasara. Ndivyo ninavyoiona ndoa, na ndivyo ninavyouona urafiki. Nimewaona watu wakijaribu kuihifadhi ndoa kwa vitisho, kwa kupekua simu, kwa kuwaweka ndugu wawe walinzi. Ilibaki, kweli, lakini kilichokuwa hai ndani yake kilikufa. Wale ambao nyumba zao bado zina uhai ni wale ambao jioni humaliza neno la jioni, hawalirudishi kabatini likangoje joto.

Na yule muuguzi ningependa apewe heshima yake. Ulinzi ukifanya kazi hauonekani. Hakuna mzazi anayerudi kliniki kusema asante kwa usaha ambao mwanawe hakuupata. Wanaotulinda hasa tunawajua kwa yale waliyotunyima.

Nije kwa wifi yangu, kwa maana ndiye aliyenilazimisha kuyaweka mawazo haya sawasawa.

Alianza kutengeneza losheni nyumbani na kuuza kwa watu wa mtaani na kwa simu. Losheni nzuri kwa harufu na kwa mguso: alovera aliyoichuma mwenyewe uani, maji ya tango, maji ya waridi, mafuta ya nazi ya kukamua kwa mkono. Kwenye kopo alibandika karatasi: ASILI TUPU, HAINA KEMIKALI. Akaniletea nimuuzie dukani.

"Watu wamechoka na sumu, wifi," akaniambia. "Hii yangu hata kula unaweza."

"Ndiyo hofu yangu, wifi. Kama wewe unaweza kuila, na kuvu nayo itaila."

Hakufurahi. Na simlaumu, maana aliona kazi ya mikono yake inakataliwa na mtu wa nyumbani. Lakini haukupita muda mrefu, mteja wake mmoja akamrudishia kopo lenye vidoa vyeusi pembeni na harufu ya maua yaliyolala majini. Kuvu ile, kwa bahati, ilionekana. Bakteria wanaweza kujaa ndani ya krimu nyeupe, laini, yenye harufu nzuri, na jicho lisione lolote, hadi mwenye mchubuko au mama anayempaka mtoto mwenye upele aione kazi yao.

Akaniuliza, kwa haki kabisa: "Sasa unataka nitie parabeni, zile zinazoleta saratani?"

Habari ya parabeni inafaa isimuliwe kwa utulivu, kwa sababu ina funzo pande zote mbili. Ni familia ya vihifadhi iliyotumika tangu miaka ya 1920, katika dawa na vipodozi. Mwaka 2004 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, Philippa Darbre, na wenzake walichapisha kwamba walikuta parabeni ndani ya uvimbe wa saratani ya matiti wa wanawake 20. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba parabeni ndizo zilizoleta saratani, wala haukulinganisha na titi lenye afya. Ulisema tu kwamba zipo. Lakini magazeti hayakungoja, na kwa muda mfupi makopo duniani yakaanza kuandikwa "haina parabeni". Umoja wa Ulaya ulizichunguza moja moja. Mwaka 2014 ukapiga marufuku tano, ukapunguza kiwango cha nyingine mbili, na ile inayotumika zaidi, methiliparabeni, ukaiacha iendelee, isizidi gramu nne katika kilo. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya kazi: walipima kila moja kwa kosa lake.

Viwanda vingi havikuwa na subira hiyo. Vilikimbia parabeni, vikachukua kihifadhi kingine chenye jina gumu, methilaisothiazolinoni, ambacho Ulaya ilikuwa imekiruhusu kitumike peke yake katika vipodozi mwaka 2005. Baada ya miaka michache kliniki za ngozi zikajaa watu wenye vipele, kope zilizovimba, mikono iliyopasuka, na wengine walikuwa watoto waliofutwa kwa vitambaa laini vyenye unyevu. Mwaka 2013 madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani walikitangaza kuwa kichochezi cha mzio cha mwaka. Kufikia 2017 Ulaya ilikuwa imekipiga marufuku katika vipodozi vyote vya kupaka na kuacha mwilini. Wahenga walishasema juu ya kuruka majivu na kukanyaga moto. Ubaya wa parabeni tulikuwa tumeuchunguza kwa karibu miaka themanini, na tuliujua ulipo. Tulikimbilia kitu ambacho uzuri wake pekee ulikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amekisema vibaya bado.

Nimewaona watu wakiacha kazi hivyo, wakihama mitaa hivyo, wakiacha wenza hivyo. Kasoro wanayoijua imewachosha, na huko wanakokwenda bado hawajaambiwa kasoro yake. Sisemi watu wabaki pabaya. Nasema kabla ya kuondoka mtu aulize kuhusu anakokwenda kwa ukali uleule aliouliza kuhusu anakotoka.

Na wifi? Tulikaa jikoni kwake tukalitazama tatizo lenyewe, nalo ni maji. Mafuta matupu hayaoti kuvu, kwa sababu vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji. Ndiyo maana mafuta mazito ya kopo tunayowapaka watoto hayahitaji kihifadhi. Basi akaondoa alovera, tango na maji ya waridi. Akabaki na mafuta ya nazi, nta ya nyuki na karafuu kidogo sana ya harufu. Anauza mafuta magumu ya kupaka, na kila kopo nimemwomba aandike tarehe aliyotengeneza, kwa sababu mafuta nayo yakikaa sana hutoa harufu ya uzee. Lile neno "haina kemikali" amelifuta mwenyewe. Mahali pake ameorodhesha vilivyomo, vyote vitatu, kwa Kiswahili. Wateja wake wameongezeka.

Bibi yangu mzaa mama, wa Pangani, hakuwahi kusikia neno kihifadhi la maabara, na alijua kuhifadhi kuliko mimi. Alipasua samaki, akamsafisha matumbo, akampaka chumvi ndani na nje na kumwanika juani mpaka akawa ng'onda. Papa vilevile. Maembe mabichi aliyatia chumvi, ndimu na pilipili yakawa achari, yakakaa mwaka. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama ya samaki na kutoka ndani ya vijidudu vyenyewe, na ukali wa ndimu hufanya mazingira ambayo wengi wao hawawezi kukaa. Hata asidi ya benzoiki, ambayo chumvi yake ndiyo inayotiwa katika soda na sosi za nyanya, inapatikana kwa asili katika mdalasini aliokuwa akitia chaini. Nayo hufanya kazi vizuri penye ukali tu. Bibi angelielewa hilo bila kuelezwa mara mbili.

Lakini nisimsifu bibi kwa kuficha. Chumvi ilihifadhi samaki, na ilipandisha presha za wazee wengi wa pwani yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, na kipande kikubwa cha ng'onda kinaweza kukufikisha karibu na hapo peke yake. Vya asili navyo vina bei. Tofauti ni kwamba bei ya chumvi ulimini unaionja. Bibi aliyekula ng'onda alijua anakula chumvi, akaamua kuiroweka usiku kucha au kuiacha.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na si kwa chupa za dawa.

Ni kwa anayechukua formalini, ambayo kazi yake ni kuhifadhia maiti, akaitia kwenye samaki au maziwa ili visionekane vimeharibika. Jambo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na wauza maziwa waliokuwa wakifanya hivyo, na mkemia wa serikali, Harvey Wiley, kuanzia 1902 aliwakalisha vijana waliojitolea mezani jijini Washington wakala chakula chenye boraksi, formalini na vihifadhi vingine vya siku zile, ili nchi ione madhara. Sheria ya chakula na dawa safi ya 1906 ilitokana kwa sehemu kubwa na kelele zake. Kwa jirani zetu Kenya, Julai 2019, uchunguzi wa televisheni ulionyesha namna kemikali ya salfaiti ilivyokuwa ikitumika katika nyama mbichi ya supamaketi ili ibaki nyekundu. Salfaiti ina matumizi yake halali katika matunda makavu na mvinyo, kwa kipimo na kwa maandishi. Kwenye nyama mbichi inafanya jambo jingine: inairudishia rangi ya jana nyama iliyochoka leo. Na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua nayo asijue imetoka wapi.

Thiomesali inamlinda mtoto wa kumi. Formalini ya kwenye samaki inaulinda mfuko wa muuzaji. Zote ni kemikali, zote zinazuia kuoza, na mimi sioni undugu wowote kati yake. Kwa hiyo nikiulizwa dukani sasa, namrudishia mama maswali mengine: kinamlinda nani? Kimetiwa kiasi gani, na nani amepima? Na wewe umeambiwa? Katika nchi yetu tangu 2019 vipodozi na vyakula viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mwananchi ana haki ya kuuliza huko. Ila mtu hawezi kuuliza juu ya maandishi asiyoweza kuyasoma. Makopo mengi yanayouzwa kwetu yameandikwa kwa lugha ya kigeni, kwa herufi ndogo kuliko sisimizi, na samaki wa sokoni hana maandishi kabisa.

Swali la "kinamlinda nani" lina upande mwingine ambao ni mchungu zaidi. Mwaka 1982 hospitali mbili za Marekani ziliripoti vifo vya watoto njiti 16. Walikuwa wakitweta, pumzi zikiwapiga kwa nguvu, damu yao ikiwa imejaa asidi. Kilichowaua ni pombe ya benzili, kihifadhi kilichokuwa katika maji ya kusafishia mirija yao ya mishipa. Kwa mtu mzima kiasi kile ni kidogo, ini linakivunja kikapita. Ini la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati halikuwa limekomaa kufanya kazi hiyo. Walioitia hawakuwa na nia mbaya. Walimlinda kila mgonjwa kwa kipimo kimoja.

Baba yangu alitulea sote kwa ukali mmoja, na aliamini huo ndio uadilifu. Kaka yangu ukali ule ulimsimamisha wima. Mdogo wetu ulimnyamazisha, na hadi leo ana miaka yake mingi na bado anaomba ruhusa kabla ya kusema. Baba alitupenda, sina shaka. Lakini kumlinda mtu bila kumjua ni kumpa kipimo cha mtu mwingine.

Sasa ninaye mzee mmoja anayekuja dukani kila mwezi. Ana presha ya macho, na lazima atie dawa ya matone mchana na usiku maisha yake yote, asije akapofuka. Dawa zake ni mbili, na kila kichupa kina kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu, ambacho kwa mtu anayetumia miaka mingi huweza kuchubua uso wa jicho. Macho yake yanawaka. Ziko dawa zisizo na kihifadhi, katika vijichupa vya kutumia mara moja na kutupa, na bei yake ni kubwa mara kadhaa. Na haiwezekani kusema basi tuondoe kihifadhi tu. Mwaka 2023 Marekani ilishughulika na bakteria sugu waliosambazwa na dawa ya macho ya chupa ya kutumia mara nyingi isiyo na kihifadhi. Kati ya wagonjwa 81 waliothibitishwa, 14 walipoteza uwezo wa kuona, na wanne walikufa.

"Mwanangu," aliniuliza, "hii isiyochoma ni ya watu gani?"

Nilimwambia ukweli kwamba kwa sasa ni ya wenye uwezo, kwa sababu mzee wa umri wake hastahili kudanganywa. Kisha nikampigia simu daktari wake. Zipo dawa zinazounganisha mbili katika kichupa kimoja, kwa hiyo kihifadhi kinaingia jichoni mara chache zaidi kwa siku, nayo bei yake inafikika. Daktari alikubali kumbadilishia. Lakini huyu ni mgonjwa mmoja aliyeuliza, mwenye daktari anayepokea simu. Wapo wengine ninaowauzia vichupa vilevile viwili, wanaofumba macho yanayowaka na kudhani ndivyo dawa inavyofanya kazi. Dawa isiyo na kihifadhi inapaswa kuingia katika bima kwa wagonjwa ambao macho yao hayavumilii tena, na nimeshaanza kuwaandikia wanaohusika. Nitaendelea kuwaandikia.